Darasa Moja, Kiswahili Zaidi ya Kimoja: Mwanafunzi Mmoja Mmoja na Mahitaji ya Wote katika Shule za Kipushi

1.0 Utangulizi

Suala la mwalimu kumhudumia mwanafunzi mmoja mmoja bila ya kulitelekeza darasa zima ni la kale katika taaluma ya ualimu. Aghalabu suala hili hujadiliwa kama suala la kasi: wapo wanaoelewa upesi na wapo wanaochelewa, na mwalimu hutakiwa kushika mwendo usiowachosha wa kwanza wala kuwaacha nyuma wa pili. Mjadala wa namna hiyo huchukulia kwamba darasa zima lina lugha moja, na kwamba kinachowatofautisha watoto ni wepesi wao wa kushika mambo tu. Huenda dhana hiyo inafaa mahali pengine. Katika mji wa Kipushi, jirani na Lubumbashi, haifai, kwani huko mtoto haingii darasani na akili yake tu. Huingia pia na Kiswahili chake, na Kiswahili hicho si lazima kiwe cha mwenzake aliyeketi naye dawati moja, wala kiwe kile cha kitabu.

Makala hii inachunguza jinsi tofauti za mwanafunzi mmoja mmoja zinavyoweza kupatanishwa na mahitaji ya darasa zima katika kufundisha kusoma na kuandika Kiswahili kwenye shule za msingi za mji huo. Hoja yake ya msingi ni kwamba mizani hiyo huharibika mapema, kabla mwalimu hajachagua mbinu yoyote ile, kwa sababu tofauti zenyewe husomwa kinyume. Jambo linaloshirikiwa na watoto wengi huhesabiwa kuwa kasoro ya mmoja mmoja, ilhali tatizo la mtoto mmoja hufichika katika wingi wa makosa ya darasa. Ili kuithibitisha hoja hii, makala inaanza na chimbuko la tofauti zenyewe, inachambua mifano ya sentensi, kisha inahakiki maandishi machache yanayohusu Kiswahili cha Katanga pamoja na masuluhisho yaliyowahi kutolewa kwingineko.

2.0 Kipushi na chimbuko la tofauti za wanafunzi

Kipushi ni mji wa mgodi ulioko kiasi cha kilomita 30 kusini-magharibi ya Lubumbashi, mpakani na Zambia. Mgodi wake, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Prince Léopold, ulianza kuchimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga katika miaka ya 1920, nao ukapata sifa kwa shaba na zinki. Kampuni hiyo, iliyoundwa mwaka 1906, haikupata wafanyakazi wa kutosha katika ujirani wa migodi yake. Iliwatafuta Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ikawatafuta Kasai, Ruanda-Urundi na sehemu nyingine za Katanga. Watu hao walikuja na Kibemba, Kiluba cha Katanga, Tshiluba, Kinyarwanda na lugha nyinginezo. Kiswahili ndicho kilichokuja kuwa lugha ya kazi na ya kambi, na watoto waliozaliwa kambini wakakifanya kuwa lugha yao ya kwanza.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba wazee wa watoto hao hawakujifunza Kiswahili kutoka kwa mwalimu wala kitabu. Walifundishana. Kila mmoja alileta masikio ya lugha yake, na lugha iliyotokea ikabeba alama za wote. Polomé, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville (Lubumbashi ya leo), aliieleza lugha hiyo katika makala zake za 1968 na 1971, na katika ile ya pili aliiweka katika kundi la krioli. Si lazima kukubaliana naye juu ya jina hilo ili kukubali ushahidi wake: Kiswahili cha Katanga kina taratibu zake, wala si Kiswahili cha pwani kilichosemwa vibaya.

Maisha ya mji yameendelea kuongeza tofauti hizo. Baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, migodi iliishia mikononi mwa shirika la Gécamines, lililorithi pia desturi ya kuwasomesha watoto wa wafanyakazi wake. Uzalishaji wa Kipushi ulisimama mwaka 1993. Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi kuwa bure katika shule za umma, na madarasa mengi nchini yakafurika watoto ambao hapo awali walizuiliwa na karo. Mwaka 2024 mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki, chini ya ubia wa kampuni ya Ivanhoe Mines na Gécamines. Mgodi unapofungwa watu huhama, na unapofunguliwa watu huhamia. Hivyo basi, katika darasa moja la mji wa namna hii huweza kuketi mjukuu wa mchimbaji ambaye Kiswahili cha kambi ndicho lugha aliyonyonya, mtoto ambaye nyumbani kwao husemwa Kibemba kwa kuwa ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka, mtoto wa nyumba ya Tshiluba, mtoto ambaye wazazi wake humsemesha Kifaransa kwa makusudi, na mwingine aliyehamia karibuni kutoka Kivu na Kiswahili cha namna nyingine tena.

3.0 Kosa, lahaja na ukimya

Na uchukuliwe mfano mmoja wa kubuni, lakini wa kawaida kabisa. Mwalimu ameonyesha picha ya watoto wenye mikoba njiani, akawataka wanafunzi waandike sentensi moja. Sentensi anayoitarajia ni: "Watoto wanaenda shuleni." Wanafunzi watatu wanaleta majibu yafuatayo:

(a) Batoto banaenda ku masomo.
(b) Watoto inaenda shuleni.
(c) Wato

Kwa kalamu nyekundu, majibu yote matatu ni makosa, na wanafunzi wote watatu hupata sifuri. Hata hivyo, hakuna majibu mawili kati ya haya yanayofanana katika asili yake.

Mwanafunzi (a) ana sarufi kamili. Kiambishi cha wingi ba- kiko kwenye nomino, na ba- hiyo hiyo iko kwenye kitenzi. Upatanisho wa kisarufi haukuvunjika. Mahali pameonyeshwa kwa ku inayotangulia nomino badala ya kiambishi tamati -ni, kama ilivyo desturi ya Katanga. Neno masomo limetumika kwa maana ya shule. Kila alichokiandika kina kanuni, na kanuni hiyo anaijua kila jirani yake. Anachokosa ni kuonyeshwa kwamba pale kwao panaposemwa batoto, kitabu huandika watoto. Maadamu anayehitaji maelezo hayo si yeye peke yake bali labda nusu ya darasa, mwalimu anaweza kuyatoa mara moja ubaoni, kwa wote, na kazi hiyo ikawa imekwisha kwa muda mfupi.

Mwanafunzi (b) anaonekana kukikaribia kitabu kuliko mwenzake, kwani maneno yake yote ni ya Kiswahili sanifu. Kwa hakika yuko mbali zaidi. Amekariri maneno lakini hajakamata uhusiano wa nomino na kitenzi. Pengine Kiswahili amekikutia shuleni na nyumbani kwao kuna lugha nyingine. Huyu hahitaji kuonyeshwa tofauti ya lahaja mbili, kwa kuwa hata hiyo moja bado hajawa nayo. Anahitaji kusikia na kusema sana kabla ya kuandika.

Mwanafunzi (c) hana tatizo la Kiswahili ambalo linaweza kuthibitishwa. Ukurasa wake unaonyesha kwamba hajamudu herufi. Yawezekana kwamba akiulizwa kwa mdomo atasimulia picha nzima, tangu mikoba mpaka vumbi la njiani. Tatizo lake ni la mkono na jicho.

Kwa hiyo mwalimu anayewaweka watatu hawa katika fungu moja la "wasiojua" hajaunda fungu. Amekusanya watu wasio na haja moja. Na yule ambaye angesaidiwa kwa urahisi kuliko wote, yaani (a), ndiye anayeumia zaidi, kwani anaambiwa kwamba lugha anayosema na mama yake ni kosa. Mtoto aliyeambiwa hivyo mara kadhaa hujifunza njia moja iliyo salama, nayo ni kunyamaza. Ukimya huo nao husomwa kuwa uzito wa akili. Hapo ndipo tofauti ya lugha inapogeuzwa kuwa tofauti ya uwezo, na mtoto huanza safari ya kurudia darasa ambayo mwisho wake aghalabu ni kuacha shule.

4.0 Mwanafunzi aliyebuniwa na vitabu

Mazoea haya yana historia. Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Kibelgiji kati ya 1880 na 1938, anaonyesha jinsi miongozo mingi ya Kiswahili ilivyomlenga Mzungu aliyehitaji kutoa amri kazini na nyumbani. Mwafrika katika miongozo hiyo ni msikilizaji wa amri, si mwanafunzi. Sambamba na hayo, elimu ya Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni zilizopewa ruzuku. Huko Katanga walitangulia Wabenediktini chini ya de Hemptinne, ambao walishirikiana na kampuni katika kulea kizazi cha wafanyakazi waliotulia kambini. Shule ya namna hiyo ilikuwa na kila sababu ya kupenda darasa linalokwenda pamoja kama kikosi.

Uhakiki wa Fabian una nguvu kwa sababu unaivua lugha vazi la usafi. Msomaji wake hawezi tena kusema kwamba kulikuwa na Kiswahili kimoja kizuri kilichoshuka kutoka pwani kikaharibikia migodini. Hata hivyo, kwa mwalimu, kitabu hicho kina upungufu. Kinahusu wale waliopanga lugha zaidi ya wale waliofundishwa. Kinafika mlangoni mwa darasa na hakiingii. Msomaji anaelewa ni nani aliyetaka watoto wafanane, lakini haelezwi mwalimu mwenye wanafunzi wasiofanana afanye nini siku ya Jumatatu. Aidha, iko hatari ya msomaji wa haraka kuhitimisha kwamba kila kanuni ya pamoja ni dhuluma. Hitimisho hilo si sahihi, na maandishi mengine ambayo Fabian mwenyewe alisaidia kuyatoa yanaonyesha kwa nini.

5.0 Funzo la maandishi ya André Yav

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, akaipa jina la Kifaransa linaloanza na neno Vocabulaire ingawa si kamusi. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian aliichapisha mwaka 1990 akishirikiana na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Schicho. Andiko hilo ni hazina. Mtu ambaye hakulelewa na Kiswahili cha vitabu aliweza kupanga kumbukumbu za kizazi kizima, kuhukumu mabwana, na kuwatetea wenzake. Yeyote anayedhani kwamba Kiswahili cha kambi hakiwezi kubeba fikra nzito na amsome Yav.

Lakini andiko hilo hilo lina funzo la pili, ambalo wasifu wake hulipita haraka. Maandishi yake hayakugawa maneno wala kutumia tahajia kwa utaratibu mmoja, hata wahariri wakashindwa kulielewa kwa macho peke yake. Ilibidi Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, alisome kwa sauti, sauti ikanaswa, kisha ikaandikwa upya. Kwa maneno mengine, maandishi yalirudishwa kwanza kwenye masikio ndipo yakaeleweka. Blommaert (2008), akichunguza maandishi mengine ya watu wa Katanga wasio na elimu kubwa, anafikia mahali panapokaribiana na hapo: sauti yenye nguvu katika mazingira yake hupungua nguvu inapovuka mipaka ya mazingira hayo, kwa kuwa wasomaji wa mbali hawana ufunguo wa tahajia yake.

Mambo mawili yanafuata, na yote mawili yanahusu darasa la Kipushi. Kwanza, mtu mmoja anaweza kuwa na mengi ya kusema katika lugha yake kabla ya kufundishwa lugha ya kitabu. Kwa hiyo haifai kumngojesha mtoto mpaka ajue Kiswahili sanifu ndipo aruhusiwe kutunga. Pili, tahajia ya pamoja si pambo la watawala. Ni daraja linalomwezesha asiyekuwepo kumsikia aliyeandika. Yav alistahili wasomaji wengi kuliko aliowapata, na sehemu ya sababu ya kuwakosa ni kwamba hakuwahi kupewa chombo hicho. Shule inayomwachia mtoto aandike vyovyote kwa jina la kuheshimu tofauti yake inamfungia ndani ya mtaa wake, sawa na ile inayomnyamazisha.

Hapa ndipo mpaka kati ya haki ya mmoja na haja ya wote unapoweza kuchorwa kwa uwazi. Usemi na uwe wa aina nyingi. Maandishi yaelekee kwenye tahajia moja. Njia ya kufikia sentensi na iwe ya mtoto; sentensi iliyofikiwa iweze kusomwa na mtu wa Kalemie na wa Kigoma.

6.0 Masuluhisho yaliyowahi kutolewa

6.1 Lugha moja kwa wote

Suluhisho la kwanza ni kuondoa tatizo kwa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya uhuru, Kongo ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo wa shule. Hoja ya usawa ilikuwepo: pasipo na lugha ya mtoto yeyote, hakuna anayependelewa. Kwa vitendo, waliokuwa na Kifaransa nyumbani walipendelewa zaidi ya wote. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu elimu ya taifa imezipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, pamoja na lugha za mazingira ya mtoto, nafasi ya kufundishia na ya kuwa somo. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, ikiwa kwa Kipushi "Kiswahili" kitachukuliwa kuwa ni kile cha kitabu tu, basi amri itakuwa imebadilika jina, na mwanafunzi (a) ataendelea kupata sifuri katika lugha inayosemekana kuwa yake.

6.2 Mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja

Mwaka 1984 Bloom alitoa makala iliyotikisa uwanja wa saikolojia ya elimu. Ilionyesha kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake, na kurekebishwa hatua kwa hatua, aliwapita kwa mbali sana wenzake wa darasa la kawaida. Wengi hulikumbuka tokeo hilo tu. Wachache hukumbuka kwamba Bloom alilitoa kama swali: je, ni mbinu gani za kundi zinazoweza kulikaribia, ikiwa jamii haiwezi kumlipa mwalimu kwa kila mtoto? Katika Kipushi hesabu ni fupi. Kipindi cha dakika 45 chenye watoto 60 humpa kila mmoja sekunde 45. Kumtaka mwalimu huyo amhudumie kila mtoto peke yake ni kumpa lawama badala ya mbinu.

6.3 Mafungu ya kiwango

Suluhisho la tatu linatoka ng'ambo ya mpaka. Zambia ilianza mwaka 1998, kwa Kibemba, majaribio ya mpango wa kusoma ambamo darasa liligawanywa katika mafungu manne kwa kadiri ya mwendo wa watoto. Fungu moja lilikaa na mwalimu, na mengine yakafanya kazi yaliyopewa. Tangu 2016 nchi hiyo imejaribu pia mpango wa kuwapanga upya watoto wa darasa la 3 hadi la 5 kwa kiwango cha kusoma na kuhesabu, kwa sehemu ya siku, bila kujali darasa walilomo. Kwa hesabu ile ile ya hapo juu, mafungu manne ya watoto 15 humpa kila fungu dakika 11 za mwalimu. Dakika 11 zinafundishika. Sekunde 45 hazifundishiki.

Hata hivyo, faida hiyo inategemea jibu la swali moja: mafungu yapangwe kwa kipimo gani? Mwalimu wa Kipushi akipanga kwa ukaribu wa mtoto na Kiswahili sanifu, atakuwa amepanga nyumba za watoto, hajapanga mahitaji yao. Mwanafunzi (b) atawekwa juu ya (a), na wote wawili watafundishwa wasichohitaji. Akipanga kwa lugha za nyumbani, atafanya jambo baya zaidi. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka miji ya Katanga, na hakuna mzazi wa mkoa huo asiyejua maana ya kuorodheshwa kwa asili. Darasa haliwezi kuwa mahali pa kurudisha orodha hizo, hata kwa nia njema. Kipimo kinachobaki ni haja inayoonekana katika kazi yenyewe: wanaohitaji kulinganisha taratibu mbili, wanaohitaji kusema na kusikia, na wanaohitaji herufi. Mafungu hayo hayana budi kuvunjwa kila wiki chache, ili yasije yakageuka majina ya watoto.

7.0 Mizani ya kazi

Kutokana na uhakiki huu, somo la Kiswahili linaweza kupangwa katika hatua tatu ambazo hazihitaji vifaa zaidi ya ubao na daftari.

Hatua ya kwanza ni ya wote, nayo ni ya mdomo. Watoto husimulia picha au jambo la mji kwa Kiswahili walicho nacho. Hakuna kusahihishwa katika hatua hii, kwa kuwa lengo ni kupata maneno mengi na kuwasikia walionyamaza.

Hatua ya pili ni ya mafungu. Mwalimu huandika ubaoni sentensi mbili au tatu zilizosemwa, kama zilivyosemwa, na kando yake jinsi kitabu kinavyoziandika. Fungu la kulinganisha hutafuta kanuni: batoto na watoto, bitabu na vitabu, kitabu yangu na kitabu changu. Watoto hawa, kwa kuwa tayari wanazo taratibu mbili mbele yao, hufanya kazi ya isimu halisi. Fungu la usemi huigiza mazungumzo yenye sentensi hizo hizo. Fungu la herufi hukaa na mwalimu.

Hatua ya tatu ni ya wote tena. Kila fungu hutoa sentensi yake kwa tahajia ya kitabu, na mtoto wa fungu jingine huisoma kwa sauti. Kalundi Mango alilazimika kufanya kazi hiyo kwa andiko la mtu mwingine. Hapa darasa hujifanyia lenyewe kila siku. Sentensi ambayo mwenzio hawezi kuisoma inarudishwa kwa aliyeiandika, na sababu ya kurudishwa inaonekana: mwenzako hakukusikia.

8.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza litatoka kwa watetezi wa Kiswahili sanifu. Watasema kwamba kuiandika lugha ya mtaani ubaoni ni kuihalalisha, na kwamba mtoto atabaki nayo. Hofu hiyo haiungwi mkono na mwenendo wa wasemaji wenyewe. De Rooij (1996) ameonyesha jinsi wasemaji wa Katanga wanavyohama, katika mazungumzo yale yale, baina ya Kiswahili chao, Kifaransa, na usemi unaokaribia kile wenyewe wanachokiita Kiswahili bora, na kuhama huko kuna kazi yake katika mazungumzo. Wachezaji wa kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambao michezo yao ilichunguzwa na Schicho na Mbayabo Ndala (1981), walijenga sanaa juu ya lugha hiyo ya mjini. Kuhama baina ya aina za lugha ni ustadi ambao mtu mzima wa Katanga anao. Shule inaombwa iufundishe mapema na waziwazi, badala ya kumwacha mtoto aubahatishe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtoto wa nyumba ya Kibemba au Tshiluba hana Kiswahili cha kambi wala cha kitabu. Je, ulinganishaji huo wa ubaoni haumwongezei mzigo? Jibu la kweli ni kwamba unaweza kumwongezea, iwapo kila mtoto atalazimishwa kuufanya. Ndiyo sababu hatua ya pili ni ya mafungu. Mtoto huyo asipewe taratibu mbili kwa mkupuo. Apewe moja, ile ya kitabu, kwa mdomo na kwa wingi, na ile ya mtaani ataipata uwanjani kwa wenzake bila ya msaada wa mwalimu. Hata hivyo, ikubaliwe kwamba mpango huu humnufaisha upesi zaidi mwenye Kiswahili cha kambi. Mwalimu asiyelikumbuka hilo atakuwa amemtoa mtoto mmoja kimyani na kumtia mwingine.

9.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba, katika Kipushi, kupatanisha mwanafunzi mmoja na darasa zima hakuanzi na mbinu bali na usomaji sahihi wa tofauti. Nyingi za tofauti zinazoitwa za mtu binafsi ni za jamii, zina utaratibu, na kwa sababu hiyo zinafundishika kwa pamoja na kwa muda mfupi. Zikishaondolewa njiani, mwalimu hubaki na watoto wachache wenye haja za peke yao, na hao anaweza kuwafikia hata katika darasa la watoto 60. Mwalimu asipozitenganisha, hana dakika za kumtosha yeyote.

Wazee wa Kipushi walijifunza lugha moja wakitoka katika lugha nyingi, bila ya yeyote kuagizwa kwanza aache ya kwao. Walichokosa ni maandishi ya kuwafikisha mbali. Wajukuu wao wako shuleni, na maandishi hayo yako ubaoni. Vyuo vya ualimu vya Haut-Katanga, pamoja na idara za lugha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, vina nafasi ya kuwapa walimu orodha fupi ya tofauti za kisarufi baina ya Kiswahili cha Katanga na kile cha vitabu, iliyopangwa kwa ajili ya darasa la kwanza na la pili. Kazi ya kiisimu iliyokwisha fanyika tangu Polomé inatosha kuanzia. Kisichofaa ni kuendelea kumpa sifuri mtoto aliyeandika sentensi yenye upatanisho kamili, kwa kuwa tu alianza na b.